TAHADHARI: Chaja ya gari la umeme ya "kilowati 22" inayouzwa mitandaoni, ndani haina kinga

Wakuu, kabla hujamtumia mtu pesa ya chaja ya gari la umeme ya kufunga nyumbani, soma hapa kwanza.

Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na picha za kuvutia: boksi jeusi linalong'aa, kioo chenye namba za kijani, kebo nene ya kutamanisha, na maneno makubwa "KILOWATI 22, CHAJI YA HARAKA NYUMBANI KWAKO". Simtaji jina kwa sababu jina halitakusaidia. Ukurasa ukianza kujaa malalamiko anaufuta, kesho yake anaibuka na jina jipya na picha zilezile. Asichobadilisha ni boksi lenyewe na maneno anayowaambia wateja, kwa hiyo nitaeleza hivyo viwili ili umjue hata akija kwa sura nyingine.

Mimi ni fundi umeme. Boksi hizi nazikuta kwa wateja walioshalipa, wengine wananiita nizifunge, wengine wananiita wakishasikia harufu ya plastiki inayoungua. Nimezifungua na kuziangalia ndani.

Tuanze na stika ya ubavuni. Imeandikwa kilowati 22. Mistari miwili chini yake, kwenye stika hiyohiyo: volti 220, ampea 32. Chukua simu upige hesabu: 220 mara 32 ni 7,040. Yaani kilowati 7. Ili upate kilowati 22 kwa fezi moja ya volti 220, unahitaji ampea 100, na hakuna fundi mwenye akili timamu atakayepitisha ampea 100 kwenye boksi lile. Kilowati 22 za kweli zipo, ila zinatokana na fezi tatu, ampea 32 kwa kila fezi. Sasa fungua mfuniko wa boksi lake: kuna sehemu tatu tu za kukazia nyaya, yaani fezi, nyutro na ethi. Fezi nyingine mbili zinaingilia wapi? Stika yenyewe inamuumbua, lakini nani anasoma stika.

Na hata lingekuwa la kilowati 22 kweli, wengi wetu lisingetusaidia kitu. Boksi la ukutani tunaliita chaja kwa mazoea tu. Chaja halisi imo ndani ya gari. Ndiyo inayopokea umeme wa nyumbani na kuugeuza kuwa ule unaoingia kwenye betri. Boksi la ukutani kazi yake ni kama ya bawabu: linakagua usalama, linaliambia gari lichukue umeme kiasi gani, kisha linafungua au kufunga. Kama chaja ya ndani ya gari lako inapokea kilowati 6.6, basi hata ukifunga boksi la 22 utapata 6.6. Zipo Nissan Leaf za mwanzo zinazopokea 3.3 tu. Yule muuzaji hakuulizi una gari gani. Mtu anayeuza chaja bila kuuliza gari linapokea kilowati ngapi, wala nyumba ina fezi ngapi, wala umeme ulioingizwa unabeba ampea ngapi, huyo ana haraka na pesa yako.

Hadi hapo umeibiwa tu. Linalonifanya niandike ni lile lisiloonekana.

Gari la umeme likiwa na hitilafu linaweza kuvujisha umeme wa moja kwa moja, ule wa aina ya betri, kuelekea kwenye ethi. Ile swichi inayokata umeme unapovuja, RCD, kwa nyumba nyingi ni ya aina ya AC au ya aina ya A. Ya aina ya A imehakikishwa kufanya kazi pale mvujo wa namna hiyo usipozidi miliampea 6. Ukizidi, sumaku iliyo ndani yake inaweza kushiba ikawa kipofu. Haikati. Na hatari si ya gari peke yake: siku hita ya maji ikivuja na kumpiga mtu shoti, RCD ileile, kama ndiyo inayolinda na hita hiyo, inaweza kukaa kimya. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za kufunga chaja, IEC 60364-7-722, zinataka kila sehemu ya kuchajia iwe na RCD yake ya miliampea 30, na iwe ama ya aina ya B, ama ya aina ya A au F pamoja na kifaa cha kugundua huo mvujo wa miliampea 6. Boksi nyingi nzuri zinakuja na kifaa hicho ndani. Kinaonekana kwa macho: ni pete ambayo waya wa fezi na wa nyutro zinapita katikati yake.

Katika boksi la huyu bwana, nafasi ya ile pete imechapwa kwenye bodi ya saketi. Matundu ya kulehemu yapo, alama yake ipo, kifaa chenyewe hakipo. Wamekiruka. Na kitufe cha majaribio kilichoko mbele, ukikibonyeza, taa inawaka na kitu kinalia "tiki" unajisikia uko salama. Nyuma yake kimeunganishwa na taa tu. Tangazo linasema "kinga ya miliampea 6 imo ndani". Haimo.

Halafu kuna hili la ethi, na hapa naomba usome taratibu. Boksi zuri likikuta nyumba haina ethi, au ethi yake ni mbovu, linagoma kuchaji. Ni haki yake kugoma. Wateja wakimpigia kulalamika kuwa taa nyekundu inawaka, anawajibu: "Unganisha nyutro na ethi kwa kipande cha waya, itakubali." Kweli inakubali. Lakini siku nyutro ya kuingilia nyumbani ikikatika au ikilegea, umeme utafuata hicho kipande cha waya hadi kwenye ethi ya chaja, kutoka hapo hadi kwenye bodi ya gari. Gari limekaa juu ya matairi ya mpira, kwa hiyo umeme hauna pa kushukia. Unamsubiri mtu aliyesimama chini kwenye maji aguse mlango. Fundi yeyote akikupa ushauri huo, mtoe nyumbani kwako. Ethi ichimbwe, ipimwe kwa mita, ndipo chaja ifungwe.

Kebo nayo ina hadithi yake. Kwa nje ni nene, ila unene ni wa mpira. Ndani nimekuta nyaya za milimita mraba 2.5, wakati kebo ya ampea 32 kwa kawaida hubeba za 6. Ukizikwangua kwa kisu, wekundu wa shaba unatoka na ndani panabaki peupe: ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Gari halina namna ya kulijua hilo. Kwenye kebo za Type 2 (plagi ya kiwango cha Ulaya) za kuchomeka pande zote mbili kuna kirezista kidogo kinacholiambia gari kebo inabeba kiasi gani: omu 220 maana yake ampea 32, omu 680 maana yake 20, omu 1,500 maana yake 13. Kwenye kebo zake nimepima nikakuta 220. Yaani waya mwembamba unajitangaza kuwa mnene, na gari kwa uaminifu wake linavuta ampea 32 saa nzima baada ya saa nzima, usiku, nyinyi mmelala. Kumbuka joto la waya haliongezeki sambamba na umeme: ukiongeza ampea maradufu, joto linakuwa mara 4. Pasi unaitumia dakika chache ukaizima. Chaja hufanya kazi kwa nguvu zake zote saa 6 hadi 8 mfululizo.

Kama unanunua kebo kwa mtu yeyote, angalia maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake. Ya fezi moja ya ampea 32 huandikwa kitu kama 3G6, yaani nyaya tatu za milimita mraba 6, pamoja na waya mmoja mwembamba wa mawasiliano. Ganda likiwa tupu bila maandishi, achana nayo.

Hati zake za ubora anazituma kwa WhatsApp, picha yenye ukungu kidogo. Usibishane naye, nenda kaihakiki. Hati za TÜV Rheinland, kampuni ya Ujerumani inayopima ubora wa bidhaa, zinatafutwa bure kwenye tovuti yake ya Certipedia kwa namba ya hati. Angalia kama jina la mtengenezaji na namba ya modeli vinafanana na stika ya boksi unalouziwa. Ile niliyoonyeshwa ilikuwa na modeli nyingine kabisa. Na usitulizwe na alama ya CE pekee, ile ya masharti ya Ulaya. Kwa vifaa vya namna hii mtengenezaji hujitangazia mwenyewe kuwa ametimiza masharti, kwa hiyo tapeli anachohitaji ni wino.

Ukimwomba picha ya ndani ya boksi kabla ya kulipa, anasema kufungua kunaua dhamana. Ukimwambia utalipa mzigo ukifika, zimebaki mbili na kuna mwenzako ameshaweka oda. Malipo yanakwenda kwa jina la mtu, si la biashara, na risiti ni ujumbe wa simu tu. Dhamana anayoitangaza ina sharti kwamba afunge fundi wake, na fundi huyo hapatikani. Ukishaanza kuuliza maswali ya maana, namba yako inafungiwa.

Wenye magari yaliyotoka China kwa soko la huko muwe macho zaidi. Tundu la GB/T (kiwango cha China) na plagi ya Type 2 zinafanana sana kwa macho, zote zina pini 7, lakini haziingiliani. Anakuuzia Type 2, ukirudi analia na wewe kisha anakuuzia na adapta. Adapta hiyo nayo sijaiona yenye alama yoyote ya kiwango.

Kama tayari unalo boksi la namna hii, acha kulitumia hadi fundi mwenye mita alifungue na kulikagua. Kukosekana kwa ile pete kunaweza kufidiwa kwa kufunga RCD ya aina ya B kwenye bodi ya umeme, na fundi wako ataijua. Kebo nyembamba haina dawa, itupe. Ukiona ganda limekuwa la kahawia karibu na plagi, au plagi inachoma mkono baada ya nusu saa ya kuchaji, zima kwenye meni swichi kwanza, ndipo uchomoe.

Na pesa idai. Piga picha ya stika ile yenye 22 na 32 pamoja, ya ndani ya boksi pale penye nafasi tupu, na ya kebo iliyokwanguliwa. Tunza mazungumzo yote kabla hajayafuta upande wake. Uliyelipa kwa kadi, iombe benki irudishe muamala kwa sababu bidhaa hailingani na maelezo. Uliyelipa kwa simu, wasilisha malalamiko kwa kampuni ya simu mapema, kabla hajazihamisha. Boksi lenyewe usimrudishie kabla hujarudishiwa pesa, hata akikuambia analituma kiwandani likaangaliwe.