Copernicus au Tycho Brahe: mifumo miwili ya mbingu

Mwaka 1543 mwanaastronomia Copernicus aliliweka Jua katikati na kuifanya Dunia sayari inayolizunguka. Miaka 45 baadaye Tycho Brahe wa Denmark aliirudisha Dunia katikati, akaliacha Jua liizunguke huku sayari nyingine zikilizunguka Jua.

Wengi humbeza Tycho, na hawamtendei haki. Kama Dunia ingesafiri, nyota zingeonekana kusogea kidogo kila baada ya miezi sita, lakini vyombo vyake vikubwa kisiwani Hven havikuona dalili hiyo, ambayo ilikuja kupimwa mwaka 1838 tu. Hata darubini ya Galileo, iliyoonyesha Zuhura ikipungua kutoka duara karibu kamili hadi kuwa hilali nyembamba, iliuangusha mfumo wa kale wa Ptolemy pekee, ambamo Jua na sayari zote ziliizunguka Dunia.

Hata hivyo, ningemchagua Copernicus, kwa kuwa mfumo wake uliweza kukua. Mwanaastronomia Kepler, akitumia vipimo vya Mirihi alivyoviacha Tycho mwenyewe, alikuta kati ya vipimo hivyo na hesabu yake ya njia ya duara tofauti ya dakika 8 za nyuzi, yaani kama robo ya upana wa Mwezi, akakataa kuipuuza, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi hulizunguka Jua katika njia ya duaradufu.