Blanketi la tano kwa sita halitoshi kitanda cha tano kwa sita

Juni mwaka jana nilinunua blanketi mjini Arusha kwa elfu 65. Jipya, laini, zito, lina maua makubwa mekundu. Muuzaji akaniambia ni tano kwa sita. Kitanda changu ni futi tano kwa sita, nikalipa nikaondoka. Usiku huo mimi na baba watoto hatukulala. Yeye akigeukia ukutani, mgongo wangu uko nje. Nikivuta, wake uko nje. Wanaokaa Moshono, huku huku Arusha, wanaijua baridi ya saa kumi alfajiri, ukungu umejaa mpaka dirishani.

Asubuhi nikatafuta lebo. Imeshonwa pembeni kabisa, maandishi madogo: sentimita 150 kwa 200. Nikachukua futi ya cherehani. Sentimita 150 ni inchi 59. Kitanda changu kina upana wa inchi 60. Blanketi lilikuwa jembamba kuliko kitanda chenyewe, na hapo watu wawili hawajaingia chini yake.

Sitawaambia muangalie ulaini wala rangi, hayo kila mtu anayaangalia. Nataka mpime kinachoning'inia. Magodoro mengi siku hizi ni ya inchi 8. Blanketi linatakiwa lishuke inchi 8 upande huu na 8 upande ule ndipo lifike kwenye ubao. Ukijumlisha na zile 60 za kitanda, tayari ni 76. Ongeza inchi sita sita za kuchomeka chini ya godoro, umefika 88. Na miili nayo inalinyanyua. Blanketi lisilochomekwa hufunuka kila mtu akigeuka, na joto lote mlilolikusanya kwa saa nzima linatoka kwa mara moja. Ndiyo maana unakuta mtu ana mablanketi mawili, matatu, na bado anaamka mabega yamekufa ganzi. Hakukosa uzito. Amekosa inchi.

Sasa chaguo langu la kwanza ni blanketi zito la kizamani, na hapa sifichi: nalipenda Raymond, yale ya Eldoret. Mama alininunulia moja nilipokwenda bweni kidato cha kwanza. Limefuliwa miaka yote hiyo, na sasa anajifunika mwanangu. Ukilikuta popote, hata kama limeshatumika, pima kwanza, kisha usiliache. Usipolipata, nenda mitumbani, soko la Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, na watu wa Moshi nendeni soko la Memorial, mtafute blanketi la sufu. Sufu hunywa unyevu wa mwili bila kukuachia ubaridi kwenye ngozi, kwa hiyo huamki na jasho lililopoa mgongoni. Linyanyue juani uone kama lina matundu ya wadudu. Nyumbani lifue kwa maji ya baridi, taratibu, maana maji ya moto hulisinyaza, na likisinyaa umerudi kwenye shida ile ile ya inchi.

La pili ni haya ya manyoya yaliyojaa madukani. Sina ugomvi nayo, ila nunua lililoandikwa 200 kwa 240 tu, hata kama unalala peke yako. Kisha lilaze kwa ubavu. Ule upande wa 240, ambao wengi huuelekeza miguuni, uuvushe upana wa kitanda. Unapata inchi 94, zinashuka na kuchomeka pande zote mbili. Urefu unabaki inchi 78, na zinatosha kwa sababu unajifunika kuanzia shingoni, siyo utosini. Mimi nililigundua hili nimeshapoteza elfu 65.

Duveti nimeiweka ya tatu. Inapasha joto vizuri, lakini ile ya ndani huteleza ndani ya foronya yake ikajikusanya upande mmoja, na upande wa pili unajifunika kitambaa kitupu. Kama unayo tayari, funga pembe nne kwa kamba fupi za kitambaa.

Shuka la Kimasai ni la mabegani jioni wakati wa taarifa ya habari. Kitandani peke yake halitoshi. Chupa ya mpira ya maji ya moto ni nzuri kwa miguu, ila usitie maji yanayochemka.

Hita ya umeme msiniulize. Ya wati 2,000 inakula yuniti mbili kwa saa. Saa nne kila usiku ni yuniti nane, na siku kumi ni 80. Anayetumia tarifu nafuu ya umeme, ile ya mwisho yuniti 75 kwa mwezi, ameshaivuka kabla mwezi haujafika katikati, na bado hajawasha taa. Na jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata likionekana limekuwa majivu. Ile hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua familia nzima usingizini.

Kinachoniuma zaidi ni wauzaji. Blanketi limefungwa kwenye mfuko wa zipu, ukigusa zipu unaambiwa ukifungua umenunua. Lebo iko ndani. Futi hawana. Ukiuliza sentimita anakujibu kwa kitanda, "hili la tano kwa sita, dada", na anajua vizuri kwamba umeelewa linafunika kitanda cha tano kwa sita. Huo ni wizi. Blanketi langu lile lile niliambiwa elfu 50 mwezi wa pili, nikasema nitarudi. Niliporudi Juni halikuongezwa hata uzi mmoja, bei imeongezwa elfu 15, na mama aliyekuwa mbele yangu na kichanga mgongoni alilipa bila kusema neno. Nendeni mwezi wa pili, jua likiwaka, mkiwa na futi mkobani, na asiyekubali kufungua zipu muachieni mzigo wake.

Kama umeshauziwa fupi kama mimi, usilitupe. Nunua shuka la Kimasai, likate kwa urefu vipande viwili vyenye upana wa inchi 15, mpe fundi cherehani ashone kipande kimoja kila upande. Kile kipande ndicho unachochomeka chini ya godoro, na manyoya yanabaki juu yako. Fundi wangu alinitoza elfu nne. Mwaka huu baba watoto anageuka anavyotaka.