TAHADHARI: Jamaa wa "zimebaki jozi mbili", matairi ya pikipiki kubwa Dar

Wakuu mnaosafiri na pikipiki kubwa mikoani, kuna jamaa hapa Dar anauza matairi ya inchi 17 na kuyaita mapya, mzigo wa Dubai. Si mapya. Amenipiga laki saba na nusu, na mbaya zaidi nilimpakia mke wangu juu ya matairi hayo mpaka Ruaha Mbuyuni. Bila mzee mmoja anayeziba pancha kando ya barabara pale, tungeupanda mlima Kitonga hivyohivyo. Jina simtaji, maana alinipa mawili na yote siyaamini. Naeleza anavyofanya kazi, akikufikia utamtambua.

Chuma changu ni Yamaha FJR1300 ya 2006, nimeinunua ikiwa imeshatumika Uingereza. Injini ni cc 1298, na tenki likijaa uzito unakaribia kilo 290 kabla hujafunga maboksi ya pembeni. Kuimiliki hapa kwetu hakuna ugumu kama watu wanavyodhani. Haina cheni ya kukaza, inaendeshwa na shafti. Oili unaipata, plagi unazipata. Kinachotesa ni tairi. Boda ana duka la matairi kila mtaa, lakini wewe unayetafuta 180/55 ya nyuma na 120/70 ya mbele, tena za kasi, utazunguka Kariakoo mpaka soli ziishe na jioni urudi na namba za simu tu. Kwa hiyo mtu akikwambia anazo mkononi, leo, akili inalegea yenyewe. Yangu ililegea.

Namba yake nilipewa na mtu ambaye naye alipewa na mtu. Picha zilikuwa safi: tairi jeusi linang'aa, limesimamishwa juu ya boksi, kistika cha rangi ya fedha kimeandikwa ORIGINAL. Na chini yake ujumbe: "Zimebaki jozi mbili boss, moja kuna mtu wa Arusha ameishikilia." Nikauliza duka liko wapi. Akasema duka linafanyiwa ukarabati, tukutane sheli, yeye atakuja na fundi wake na kunifungia bure kabisa. Nitangulize laki mbili tu kushika mzigo.

Hapa sina wa kumlaumu. Wakati natuma hela, kabla sijaweka namba ya siri, simu ilinionyesha jina la mpokeaji na lilikuwa la mwanamke. Nikampigia. Akacheka, "Huyo shemeji yangu, ndiye anayeshika laini ya biashara." Nami nikabonyeza. Mtu mzima, nina watoto wanaosoma sekondari.

Alikuja kweli, na fundi wake kweli, kijana mwepesi wa mikono. Ndani ya dakika arobaini magurudumu yote mawili yalikuwa yameshafungwa. Ule wepesi niliusifia, na sasa naelewa ulikuwa wa nini: tairi likishaingia kwenye rimu, ndani hupaoni tena. Nilipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine iko dukani, ataniletea. Nilipouliza mbona tairi la nyuma halina zile nywele za mpira ambazo tairi jipya huwa nazo, akajibu bila kupepesa, "Zimekatika kwenye kontena." Nikamwambia pia linateleza kidogo nikiligusa. Akasema tairi jipya lazima liteleze, nenda taratibu kilomita mia mbili za kwanza litashika.

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza, kwa sababu nusu yake ni kweli. Tairi jipya uso wake huwa laini, na kila mwendeshaji anaambiwa atulie mpaka lichubuke. Kwa hiyo kila lilipoteleza nilijipa moyo kwamba bado halijachubuka.

Wiki iliyofuata tuliondoka Mbezi saa kumi na moja alfajiri kwenda Iringa msibani. Mpaka Chalinze sawa. Morogoro tulikuta manyunyu, na pale kipilefti cha Msamvu, mwendo wa kutembea kabisa, nyuma ikaondoka. Nilikanyaga mstari mweupe tu, mkia ukahama kama shubiri moja kisha ukarudi. Mke wangu akanipiga ngumi ya mgongo. Nikasema ni rangi ya barabarani, rangi ikilowa inateleza. Na hilo nalo ni kweli, ndiyo maana nikaendelea. Hifadhi ya Mikumi tulipita taratibu na wanyama wakitutazama, mvua ikakata, na kila kona nilikuwa naikata kama nimebeba trei ya mayai.

Ruaha Mbuyuni tulisimama kwa sababu ya vitunguu. Mke wangu alitaka kuulizia bei ili tununue tukirudi. Nami nikaona nijaze upepo, nyuma hii inataka psi 42, na baada ya hapo ni Kitonga. Yule mzee wa pancha hakushika hata pampu. Alichuchumaa, akalizungusha gurudumu kwa mkono mmoja, akaingiza ukucha wa kidole gumba kwenye mfereji wa tairi na kuuburuta.

"Hili limechongwa, baba."

Nikamwambia ni jipya, lina wiki moja. Akaniita niiname. Ubavuni mwa tairi kuna herufi ndogo TWI zenye alama ya pembetatu. Ukifuata alama ile kwenda katikati, chini kabisa ya mfereji unatakiwa ukute kituta kidogo cha mpira kinachokatiza. Hicho ndicho kipimo: mpira ukiisha mpaka usawa wa kituta, tairi limekwisha. Mzee akanionyesha alama moja, akanionyesha ya pili. Kituta hakuna. Kisu kimepita juu yake na kwenda nacho. Na mifereji yenyewe, ukiitazama kwa karibu, kuta zake hazikuwa laini kama za kiwandani. Zilikuwa na michirizi, kama mhogo uliomenywa na mtoto.

Maana yake lilikuwa kipara. Mtu alikaa na kisu cha moto akachora mifereji mipya ndani ya mpira uliobaki, na mpira uliobaki ni unene wa nini sijui, labda wa kandambili. Alama 73W iliyo ubavuni inamaanisha tairi hilo likiwa zima linabeba mpaka kilo 365 na kuhimili mwendo wa kilomita 270 kwa saa. Likishachongwa, maandishi hayo ni mapambo.

La mbele halikuchongwa. Mzee alilitazama, akakigusa kile kistika cha ORIGINAL, akauliza, "Hiki kinaficha nini?" Nikakibandua kwa ukucha. Chini yake palikuwa na duara la yai lenye tarakimu nne: 2213. Kwa ambao hamjawahi kuangalia, hizo ni tarakimu za mwisho za ule mstari unaoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 22, mwaka 2013. Mimi nimelinunua 2024. Kwenye mifereji, ukilikunja kidogo, ulikuwa unaona nyufa nyembamba kama za kisigino. Watengenezaji kama Michelin wanasema tairi likifika miaka 10 tangu litengenezwe litolewe hata kama mpira bado upo, kwa sababu mpira unakauka na kukosa mshiko, na kwa joto letu tairi lililokaa juani halisubiri huo muda wote. La nyuma nalo nilikwenda kulitafutia tarehe. Pale penye duara pamesagwa kwa msasa, pako laini kama kovu.

Pikipiki ilirudi Dar juu ya Fuso ya vitunguu, sisi tukapanda basi kwenda msibani. Sitasema nilimlipa dereva wa Fuso kiasi gani, mke wangu anasoma haya. Fundi wangu alipolitoa tairi la nyuma tukakuta viraka viwili ndani, kimoja kipo karibu kabisa na bega, mahali ambapo tairi la pikipiki haliruhusiwi kuzibwa.

Sasa tusaidiane. Huyu jamaa anategemea mambo mawili: usione ubavu wa tairi, na lifungwe haraka. Picha usizipokee. Mwambie akutumie video, mchana, azungushe tairi zima pande zote mbili polepole kidole kikiwa juu yake, kwa sababu tarehe kamili kwa kawaida huwa upande mmoja tu na yeye hupiga picha upande wa pili. Akianza kusema kamera mbovu, achana naye. Ukikutana naye uso kwa uso, chukua kitambaa kikavu ufute ile rangi inayong'aa. Tairi jipya halina haja ya kupakwa mafuta, na mafuta yenyewe yakifika sehemu inayogusa lami unaanguka kabla hujatoka sheli. Bandua kila kistika. Tafuta TWI na ukione kituta kwa macho yako. Ingiza mkono ndani upapase kama kuna kiraka. Haya yote yafanyike kabla halijafungwa, na kama fundi wake ameshashika spana mwambie aiweke chini, hata kama utaonekana mshamba.

Risiti ya EFD si ya TRA peke yao. Nilipokwenda polisi nilipewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu, lakini swali la kwanza lilikuwa una ushahidi gani wa mauziano, nami nilikuwa na ujumbe wa simu na jina la shemeji. Namba zake mbili nimeshaziripoti kwa kuzituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Bidhaa bandia zinapelekwa Tume ya Ushindani, FCC, na matairi yote mawili ninayo nyumbani kama vielelezo, hakuna kutupa. Ambao mmeshauziwa na mtu huyu, leteni mlichonacho tuende pamoja, mlalamikaji mmoja ni hadithi, watano ni kesi. Nasikia ameongeza na pedi za breki. Sijaziona, siwezi kuzisemea, ila mimi kwa mtu huyu sinunui hata mfuniko wa valvu.

Simu yangu ameshaifungia. Juzi nikamwomba binamu yangu ajifanye mnunuzi kwa laini yake, aulizie 180/55. Picha zilikuja baada ya dakika tatu. Tairi lilelile, boksi lilelile, kistika kilekile, na chini yake: "Zimebaki jozi mbili boss, moja kuna mtu wa Arusha ameishikilia."