Ununue Wapi Kamera ya Kwanza? Njia Tano, Kuanzia Iliyo Bora

Kijana anayetaka kuanza kupiga picha za harusi na send-off akiniuliza anunue kamera gani, mimi humuuliza kwanza atainunua wapi. Canon EOS 250D ni mashine ileile, iwe imetoka Kariakoo, Nairobi, Dubai au New York. Kinachotofautiana ni nani atakupokea siku itakapokataa kuwaka na bibi harusi yuko saluni. Nimezipanga njia tano kwa mnunuzi wa Tanzania, Kenya au Uganda.

1. Duka linaloishi kwa kamera

Sisemi duka la friji na televisheni lenye kamera mbili kabatini. Nasema duka ambalo muuzaji hukuuliza "Unapiga nini, kaka?" kabla hajataja bei, na akisikia ni harusi za usiku anakushauri upunguze hela ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, uiongeze kwenye lenzi. Ushauri huo peke yake una thamani. Wanaoanza wengi humaliza bajeti yote kwenye bodi, kisha wanabaki na ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, inayohangaika ukumbi ukiwa na mwanga hafifu, wakati lenzi ya 50mm f/1.8, inayoingiza mwanga mwingi zaidi, kwa bei nafuu ingewaokoa.

Nenda na memori kadi yako. Omba kupiga picha humo dukani, kisha ukazitazame nyumbani kwenye kioo kikubwa. Ishike kamera mpaka ujue kama kidole kinafika kwenye vitufe bila kuhangaika. Uliza mambo matatu: dhamana ni ya nchi hii au ya kwingine, fundi ni nani na yuko wapi, na je, namba ya kamera itaandikwa kwenye risiti? Ukiwa Tanzania, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Duka linalosita kuandika namba ya kamera kwenye risiti, toka.

"Lakini mtandaoni bei ni nafuu zaidi," utaniambia. Tupige hesabu. Kamera ya dola 600 pamoja na usafiri wa dola 60 ni 660. VAT ya 18%, ambayo ndiyo ya Tanzania na Uganda, ni karibu dola 119. Umeshafika 779, na ushuru wa forodha bado, nao hujumlishwa kabla VAT haijapigwa. Kenya VAT ni 16%, nafuu kidogo tu. Mara nyingi bei ya dukani iliyokutisha ni hesabu hiyohiyo, ila mwenye duka kaibeba kwa niaba yako.

Hapa naomba jambo kwa moyo wote. Usimkalishe muuzaji saa nzima akikufungulia lenzi moja baada ya nyingine, kisha ukaagiza kwingine ukiwa ndani ya daladala. Uingereza waliyaona matokeo yake: Jessops, jina lililoanzia Leicester mwaka 1935, lilifunga maduka yake 187 Januari 2013, na kuhama kwa wanunuzi kwenda mtandaoni kulikuwa miongoni mwa sababu. Kwetu maduka ya namna hii yanahesabika. Likifungwa moja, hakuna jingine mtaa wa pili, na fundi anaondoka nalo. Kama muuzaji kakusaidia na bei ya bodi imekushinda kweli, nunua kwake betri ya pili, begi au kadi.

2. Iliyotumika, kutoka kwa mpiga picha unayemjua

Kwa mwenye hela kidogo, hii inakaribia ya kwanza, na kuna siku inaishinda. Wakongwe wengi wamehamia kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless), kwa hiyo bodi nzuri za DSLR, zile zenye kioo, zinauzwa kwa bei ya huruma. Lenzi zake hazitakutupa: za Canon EF, aina ya DSLR, zinakaa kwenye bodi mpya za RF zisizo na kioo kwa adapta.

Kagua idadi ya mipigo ya shata, kile kipazia kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha. Canon 5D Mark III ilipimwa kwa mipigo 150,000, Nikon D850 kwa 200,000. Hesabu ikisogea huko, shusha bei. Picha ya JPEG iliyotoka moja kwa moja kwenye Nikon hubeba namba hiyo ndani yake. Canon nyingi hazifanyi hivyo, zinataka programu.

Kwa watu wa Pwani, adui mkubwa ni fangasi. Dar, Mombasa, Unguja: unyevu hauishi. Mulika tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache hata ukipunguziwa nusu.

3. Kuagiza kwa duka kubwa la kamera la nje

Hii inafaa kwa lenzi au kifaa ambacho hakipatikani hapa kabisa. B&H ya New York ndiyo maarufu kwa wapiga picha wetu. Wenyewe ni Wayahudi wanaoshika Sabato, kwa hiyo tovuti haipokei malipo tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni ya kwao. Kwa saa zetu ni karibu Jumamosi nzima. Malipo yakigoma siku hiyo, usiilaumu kadi yako ya benki. Na uliza dhamana kabla ya kulipa, kwa sababu gharama ya kurudisha kamera Marekani ni maumivu.

4. Dubai, kwa mkono wa msafiri

Chaguo ni kubwa na VAT ya huko ni 5% tu, ambayo mgeni anaweza kurudishiwa sehemu yake uwanja wa ndege duka likiwa kwenye mpango huo. Chaja huja na pini tatu kama zetu. Ila aliyetumwa awe mtu anayejua kuwasha kamera na kufungua menyu: Sony nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zimefungwa kwenye Kijapani, na lugha haibadiliki. Betri za ziada abebe kwenye begi la mkononi.

5. Masoko ya jumla mtandaoni na wauzaji wa Instagram

Huku sinunui bodi wala lenzi. Jumia iliondoka Tanzania Novemba 2019, na aliyekuwa anategemea soko moja la mtandaoni ilibidi atafute kwingine. Kwa Kenya na Uganda, angalia jina la muuzaji mwenyewe, si la soko pekee. Wa Instagram akitaka nusu ya hela kabla hujaigusa kamera, achana naye.

Vitu vidogo unaweza kununua huku, kama kamba au stendi ya taa. Ukinunua memori kadi, ijaze mpaka mwisho kisha ufungue kila faili kabla hujaipeleka kazini. Kadi bandia huandikwa GB 128 wakati ndani ina 8, na huendelea kupokea picha kana kwamba zinahifadhiwa.