TAHADHARI: Usinunue kifaa cha kusomea vitabu ambacho bado kina akaunti ya mtu mwingine

Ndugu zangu mnaoishi ughaibuni, someni hii kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote. Kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi yetu, anauza vifaa vya kusomea vitabu vilivyotumika, na tangazo lake linasema: "Vitabu elfu tatu ndani, washa usome." Mimi amenipiga. Nilikaa kimya kwa uchungu, nikiona ni yangu peke yangu, mpaka juzi nilipoliona tangazo lilelile kwenye kundi jingine, chini yake watu wanauliza kama bado kipo.

Anayeishi ugenini anajua kitabu kilivyo mzigo. Ukihama chumba unaacha vitabu, ukifunga begi la safari vitabu ndivyo vinavyotolewa kwanza mizani ikikataa. Mimi nimeacha vitabu vyangu katika nyumba nne za watu. Kwa hiyo kifaa cha gramu mia mbili na kitu kinachobeba maktaba nzima, ambacho ukikichaji unasoma wiki kadhaa, kwangu hakikuwa anasa. Nilikitaka muda mrefu na kipya sikukimudu. Huyu muuzaji anawalenga watu kama mimi, na anatujua kwa sababu anaongea Kiswahili chetu. "Dada yangu," aliniandikia, "sisi wa ughaibuni tusipobebana nani atatubeba?"

Alinitumia picha. Kifaa kimelazwa juu ya kitambaa cha miraba ya buluu na nyeupe, pembe ya chini kulia imechubuka, kiooni kuna mchoro mzuri wa kalamu. Nikamuuliza kama kinafanya kazi. Akajibu, "Si unakiona kimewaka?" Nikaridhika.

Hapo ndipo kosa la kwanza, na ningependa kila mtu alielewe. Kioo cha hivi vifaa si kama cha simu. Ni wino wa kielektroniki: vidonge vidogo sana vyenye chembe nyeusi na nyeupe, umeme unazivuta juu au chini, zikishafika mahali pake zinatulia hapohapo hata umeme ukikatika. Ndiyo maana chaji inakaa, kwa sababu umeme mwingi hutumika pale unapofungua ukurasa mwingine. Lakini maana yake pia ni kwamba kifaa kilichokufa kabisa kinaweza kuendelea kuonyesha mchoro mzuri, na picha yake isithibitishe kitu chochote. Ombeni video. Muuzaji awashe, afungue kitabu, ageuze kurasa kama kumi mfululizo, kisha aingie kwenye mipangilio, yote bila kukata video. Na mkiona kioo kinachong'aa kama cha simu na kinachozimika kuwa cheusi tii, hicho ni tableti ya kawaida imebandikwa jina.

Changu kilifika na kiliwaka. Ndani ya bahasha kulikuwa na kikaratasi: "Waifai usiiwashe, inakula chaji. Acha kwenye alama ya ndege." Nikaona ananijali, maana ni kweli kwamba waifai ikizimwa chaji hukaa zaidi. Uongo uliofungwa ndani ya ukweli kama huo ni mgumu kuushtukia.

Juu ya kioo palikuwa na jina la mwanamke. Nilipomuuliza akasema ni la mke wake, amenunuliwa kipya. Nikaendelea kusoma. Wiki tatu nilisoma kila alfajiri kabla ya kazi, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo muda mrefu. Vitabu vya yule mwanamke vilikuwa vizuri. Alikuwa msomaji kweli, anapigia mistari. Katika riwaya moja alipigia mstari sentensi inayohusu nyumba iliyouzwa, na pembeni akaandika kwa lugha yake maneno mawili tu ambayo nilitafuta maana yake: muulize mama. Nilifikiri juu ya yale maneno siku nzima. Mke wa mtu aliyenunuliwa kifaa kipya angehamia na maandishi yake, maana yanahifadhiwa kwenye akaunti. Kwa nini akaunti yake iachwe wazi mikononi mwa mgeni? Swali lilinijia, nikalifukuza kwa sababu nilikipenda kile kifaa.

Saa yake ilikuwa nyuma kwa masaa kadhaa, kama ya nchi nyingine. Usiku mmoja ikanikera, nikawasha waifai ili ijirekebishe. Haikupita dakika tano. Kioo kilipepesa, kikawa cheupe, kikarudi na ukurasa wa kuniomba nikisajili upya. Jina la mwanamke halipo. Vitabu vyake vyote havipo, na mistari yake, na yale maneno mawili. Vilivyobaki ni vile ambavyo muuzaji alivipachika kwa waya ili kufikisha hesabu ya elfu tatu. Nilivifungua kimoja kimoja: kitabu kimoja kimerudiwa mara nane kwa majina tofauti, vingine ni kurasa zilizopigwa picha, herufi ndogo kama punje za mchanga, ukizikuza zinatoka nje ya kioo.

Nikajaribu kusajili kwa akaunti yangu, ikakataa. Nikawasiliana na huduma kwa wateja ya waliokitengeneza, wakaomba namba ya siriali, wakaniambia kimeripotiwa kupotea au kuibwa na hakitasajiliwa kwenye akaunti yoyote. Jina la mwenyewe hawakunitajia, na ni haki yake. Yule mwanamke aliibiwa. Alikwisha kukitoa kwenye akaunti yake siku nyingi, lakini amri hiyo haifiki mpaka kifaa kiguse intaneti. Kikaratasi cha waifai kilikuwa kwa ajili hiyo. Muuzaji alikuwa anajinunulia muda, mpaka siku za kudai hela benki zinipite.

Nilipomwandikia hakunitukana wala hakukimbia, na hapa ndipo nawaomba muwe makini kuliko popote. Alisema, "Pole dada, kimefungwa kwa sababu uko nchi nyingine. Nina fundi anabadilisha nchi kwa mbali. Tuma barua pepe ya akaunti yako na paswadi, utaletewa namba sita kwenye simu, nitumie hizo namba." Nilikuwa nimechanganyikiwa, usiku umeenda, kesho kazini. Barua pepe nilimpa. Paswadi nilimpa. Namba sita zilipoingia, chini yake pameandikwa zisitolewe kwa mtu yeyote, hata mfanyakazi wa kampuni. Kidole kilikuwa tayari kinanakili. Nikaacha, nikabadilisha paswadi palepale, nikafuta kadi yangu ya benki iliyokuwa imehifadhiwa mle. Baada ya dakika chache akanibloku.

Uongo wake unashika kwa sababu habari ya nchi ina ukweli ndani yake, na sisi tunaohama huiona kila mara. Haki za kuuza kitabu hugawanywa kwa maeneo, ndiyo maana kitabu ulichokiona dukani ukiwa nchi moja hukioni ukiwa nyingine. Duka lako hufuata nchi iliyoandikwa kwenye akaunti. Lakini kubadilisha nchi hakuhitaji fundi. Kwenye akaunti ya Amazon, kampuni inayotengeneza vifaa vya kusomea vya Kindle, unaingia mwenyewe sehemu ya kusimamia vitabu na vifaa, unaenda kwenye mapendeleo, unaweka anwani ya unakoishi sasa. Ni bure. Kifaa chenyewe hakifungwi eti umevuka mpaka. Kinasoma vitabu vyako popote. Mtu yeyote anayekuomba paswadi ili "akufungulie nchi" ni mwizi, hata akikuita dada mara mia.

Na hivyo vitabu elfu tatu visiwatoe macho. Kitabu cha kielektroniki unachonunua kwenye maduka mengi ni ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo imeshikiliwa na akaunti. Julai 2009 Amazon iliwafutia wasomaji nakala walizokwisha kulipia, kwa mbali, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Walirudishiwa fedha zao, lakini asubuhi kitabu hakikuwepo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu na vyote vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka, wenyewe wakarudishiwa hela. Amazon ilifunga duka la Kindle nchini China tarehe 30 Juni 2023. Na tangu 26 Februari 2025 imeondoa ile njia ya kupakua kwenye kompyuta vitabu ulivyonunua na kuvihamisha kwa waya. Ikiwa hata mnunuzi halali anaweza kuamka bila kitabu, wewe unayesoma kwenye akaunti ya mtu usiyemjua umeshika nini mkononi?

Kwa hiyo akaunti kwanza, kifaa baadaye. Kama mnaonana na muuzaji ana kwa ana, fanyeni mahali penye waifai. Mwambie akitoe kifaa kwenye akaunti yake mbele yako, akirudishe kama kilivyotoka kiwandani, kisha wewe ukisajili kwa akaunti yako, upakue kitabu kimoja, ukifungue. Ni kazi ya dakika kama kumi na tano. Hela itoke mfukoni baada ya hapo. Mwenye mali halali hatakukatalia, kwa sababu na yeye hataki mgeni abaki na akaunti yenye kadi yake. Akisema amesahau paswadi, ondoka. Akisema ni cha mke, cha kaka, cha rafiki aliyesafiri, ondoka vilevile.

Kama ni cha kutumiwa kwa posta ni vigumu zaidi, na mimi kwa sasa singenunua hivyo kwa mtu nisiyemjua. Ukilazimika, lipa kwa njia inayokuruhusu kulalamika na kurudishiwa, usitume moja kwa moja kama unamtumia ndugu. Muuzaji wangu alisisitiza nichague sehemu ya ndugu na marafiki "ili tukwepe makato". Makato tulikwepa, na haki yangu ya kulalamika nikaikwepa pia. Benki ilinijibu kwamba nimetuma zawadi. Na siku kifaa kinapofika, washa waifai siku hiyohiyo, usisubiri hata usiku mmoja, ili kama kina kasoro ijitokeze wakati bado unaweza kudai.

Jambo jingine dogo. Vifaa vya zamani vilivyouzwa kwa sifa ya intaneti ya bure ya 3G, msivilipie kwa ajili ya sifa hiyo. Mitandao ya 3G imezimwa katika nchi nyingi, na mtu akikwambia "hiki hakihitaji waifai" mwombe akupakulie kitabu hapohapo uone.

Mliokwisha kununua kwa huyu mtu, ukiona jina lisilo lako juu ya kioo usiingize hati zako humo, wala kadi, wala barua pepe yako. Badilisheni paswadi zenu leo. Ingieni kwenye orodha ya vifaa vilivyosajiliwa kwenye akaunti yako, ukiona usichokitambua kiondoe. Kama uliwahi kumpa namba sita, piga simu benki sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa.

Changu nimekipeleka polisi pamoja na kikaratasi na meseji zote. Afisa alinakili namba ya siriali, akaniandikia karatasi, akasema ikitambulika kwa mwenyewe atarudishiwa. Natamani sana arudishiwe. Sina njia ya kumfikia, na vitabu vyake nilivisoma.

Tangazo jipya lina jina jingine na namba nyingine ya simu, lakini hakubadilisha picha. Angalieni kitambaa cha miraba ya buluu na nyeupe, pembe ya chini kulia iliyochubuka, mchoro wa kalamu kiooni. Kifaa hicho kiko polisi, hakiwezi kuwa kwake. Ukiiona hiyo picha kwenye kundi lako, mwambie msimamizi amtoe, na uweke ujumbe huu chini ya tangazo kabla mtu hajauliza bei.