Twilight Imperium toleo la nne: binadamu wanasambaa kwa raundi ngapi?

Ukitaka kujua binadamu wangechukua muda gani kuenea katikati ya viumbe wa nyota nyingine, mchezo huu wa mezani unakupa jibu la kuhesabu kwa vidole: sayari 5 mwisho wa raundi ya kwanza, 7 kama umeshika kadi ya Warfare (moja ya kadi za mkakati ambazo wachezaji huchagua mwanzo wa kila raundi), na mji mkuu wa galaksi raundi ya pili au ya tatu. Baada ya hapo kasi inakatika ghafla. Sababu ya kukatika kwake ndiyo inayoufanya mchezo huu ustahili pesa yake, na ndiyo inayowashinda wengi wanaoucheza kwa mara ya kwanza.

Kwanza bidhaa yenyewe. Twilight Imperium ilianza kuuzwa mwaka 1997, na toleo la nne, linalozungumziwa hapa, lilitoka 2017 chini ya kampuni ya Fantasy Flight Games ya Marekani. Wachezaji ni 3 hadi 6. Ndani ya sanduku kuna meli na askari wa plastiki zaidi ya 350, vigae 51 vya pembe sita vya kupanga ramani, na mataifa 17 ya kuchagua. Mshindi ni wa kwanza kufikisha pointi 10. Sanduku limeandikwa saa 4 hadi 8. Kwa watu sita ambao hawajauzoea, hesabu 8, tena bila muda wa kula.

Binadamu wanaitwa Federation of Sol na kwao ni sayari ya Jord, yenye rasilimali 4 na ushawishi 2. Wanaanza na meli 2 za kubeba askari, manowari ndogo 1, vindege vya vita 3, askari 5 na gati 1 la kujengea meli. Meli ya kubeba ya mataifa mengine inachukua mizigo 4, ya Sol inachukua 6. Askari wa kawaida anapiga akipata 8 na kuendelea kwenye dadu ya nyuso 10, wa Sol anapiga kuanzia 7. Ukitazama namba hizi unaona taifa lililoumbwa kwa ajili ya kuhamia na kukaa. Ila meli yenyewe ya kubeba inasogea kigae kimoja tu, na vitani inapiga kwa 9 au 10 peke yake, yaani mara 2 katika kila 10.

Kinachoendesha kila kitu ni kete za amri. Mtu wa bao ataelewa haraka: kama vile kwenye namua unavyoingiza kete moja moja kutoka mkononi, huku nako kila tendo linakula kete, na zikiisha umekwisha. Unaanza na 8: tatu za mwendo, tatu za meli, mbili za mkakati. Ukitaka kwenda kwenye kigae fulani, unaweka kete ya mwendo juu yake. Tangu hapo meli zako zilizomo haziwezi kutoka tena mpaka raundi iishe na kete zirudi. Kwa hiyo meli moja, raundi moja, safari moja. Fungu la meli nalo linaweka kikomo: ukiwa na kete 3 humo, huwezi kuwa na meli zaidi ya 3 kwenye kigae kimoja, vindege havihesabiwi. Mataifa yote yanapata kete 2 mpya kila mwisho wa raundi, Sol wanapata 3. Kete hiyo moja ya ziada inaonekana ndogo, lakini kwangu ndiyo nguvu kubwa kuliko zote walizonazo binadamu, kushinda hata meli kubwa na askari hodari. Ifikapo raundi ya nne wewe umekwisha kufanya matendo ambayo jirani yako hakuwa na kete ya kuyafanya.

Raundi ya kwanza ichezwe hivi. Kwenye ramani ya watu sita Jord inakaa kwenye kona, kwa hiyo ina vigae majirani 3 tu. Chagua viwili vyenye sayari mbili mbili, kimoja kati yake kiwe kile kinachoelekea katikati. Weka kete kwenye cha kwanza, peleka meli ya kubeba na askari 2, shusha mmoja kila sayari. Rudia kwa kigae cha pili na meli ya pili. Manowari ndogo iisindikize ile iliyoelekea katikati. Kete ya tatu ya mwendo iweke nyumbani ujenge. Jord inalipa 4: meli ya kubeba ni 3, na askari wawili kwa pamoja ni 1. Imetimia.

Mpangilio huo usigeuzwe. Kosa linaloharibu michezo mingi ya wanaoanza ni kujenga kwanza. Ukishaweka kete yako Jord, meli zote mbili za kubeba zimefungwa nyumbani, na wakati jirani anachukua sayari nne wewe una meli tatu zimepaki gatini. Hakuna kufidia.

Kosa la pili ni la kifedha. Sayari ukiiteka, kadi yake inakuja imelala kifudifudi, haina kitu cha kukulipa mpaka raundi ifuatayo. Watu wanateka sayari nne halafu wanapanga bajeti kana kwamba wana rasilimali 10, kumbe bado wana zile 4 za Jord. Hapo ndipo uchaguzi mgumu unapokuja. Teknolojia ya Gravity Drive, inayoongeza mwendo wa meli moja kwa kigae kimoja, inagharimu kete 1 ya mkakati na rasilimali 4 ukiifuata kwa mgongo wa mwenzako aliyecheza kadi ya Technology, nayo ni kadi ya mkakati kama Warfare. Injini au meli, moja. Ukiishika kadi ya Technology wewe mwenyewe, utafiti wa kwanza ni bure na rasilimali zako zinabaki kwa ajili ya meli. Teknolojia zimegawanywa kwa rangi; Sol wana moja ya bluu tangu mwanzo, na Gravity Drive inadai bluu moja tu, kwa hiyo njia iko wazi. Zamu ya kuchagua ikikufikia na Technology bado ipo mezani, ichukue.

Warfare ni ya pili kwa ubora. Inakuruhusu kuondoa kete yako moja kwenye ramani, na meli iliyokuwa imefungwa inafunguka. Itie kete nyingine mbele yake, ipakie wale askari wawili iliowashusha, iende kuteka sayari mbili zaidi. Sayari ulizowaondoa askari zinabaki zako, maana umiliki haudai mtu akae pale, ila yeyote akitua anazichukua bila vita. Hiyo ndiyo hesabu ya sayari 7, na ndiyo maana haidumu: mbili kati yake hazina ulinzi.

Raundi ya pili lengo ni Mecatol Rex, sayari ya katikati, yaani ule mji mkuu wa galaksi. Toka Jord ni vigae vitatu. Kwa meli ya kigae kimoja kwa raundi, unafika raundi ya tatu. Ukiwa na Gravity Drive, ile meli iliyokwisha kuelekea katikati inaruka vigae viwili na kufika raundi ya pili. Masharti mawili: njia isiwe na meli za mtu mwingine, maana huwezi kupita katikati yake, na uwe na ushawishi 6 wa kulipa kabla ya kutua. Malipo hayo yanakupa pointi 1 papo hapo. Weka hesabu ya ushawishi tangu unapochagua sayari za kuteka raundi ya kwanza. Mara nyingi mtu anafika juu ya Mecatol na askari wake tayari, halafu anagundua ana ushawishi 4.

Na ukishatua, utashambuliwa. Hapa Sol wana kitu ambacho hakuna mwingine anacho: Orbital Drop. Unatoa kete 1 ya mkakati, unaweka askari 2 kwenye sayari yoyote unayoimiliki, hata kama meli za adui zimejaa juu yake. Adui anaweza kukushinda angani na bado akakuta chini askari 6 wanaopiga kwa 7. Ubaya ni kwamba kete hizohizo za mkakati ndizo zinazolipia kufuata kadi za wenzako, kwa hiyo kila mara unaposhusha askari umekosa teknolojia au ujenzi fulani. Binadamu wa mchezo huu wanasonga mbele kwa miguu na kurudi nyuma kwa elimu, na mchezaji mzuri anajua ni raundi ipi aache kushusha askari.

Baada ya raundi ya tatu ardhi inakwisha. Ramani ya watu sita ina vigae 37. Toa sita vya nyumbani na kimoja cha katikati, zinabaki 30, yaani vitano kwa kila mtu, na viwili kati ya hivyo kwa kawaida ni vya hatari au vitupu. Supernova hakupitiki kabisa. Nebula inabana mwendo wako kuwa kigae kimoja. Penye mpasuko wa mvutano unaongezewa mwendo unapotoka, lakini kila meli inarushiwa dadu na ikija 1 hadi 3 meli imepotea. Usipeleke huko meli iliyojaa askari ila umekata tamaa.

Tofauti na mataifa mengine inaonekana mapema. Jol-Nar, wanazuoni wa galaksi, wana meli 2 za kubeba lakini askari 2 tu, kwa hiyo raundi ya kwanza hawafiki sayari nne. L1Z1X wana askari 5 na meli ya kubeba moja. Wanaoweza kushindana na binadamu kwa kuenea ni Clan of Saar: gati zao zinatembea, na kila sayari wanayoiteka inawapa bidhaa 1 ya biashara. Tena wakipoteza nyumbani kwao bado wanapata pointi. Binadamu hawana ruhusa hiyo. Jord ikitekwa, huwezi kudai pointi za malengo ya wazi, yale yanayoonekana na wote mezani, mpaka uirudishe. Kwa hiyo acha askari nyumbani kuanzia raundi ya pili, watatu si wengi.

Na jambo linalouma: anayemiliki ardhi nyingi si lazima ashinde. Pointi zinatoka kwenye kadi za malengo, na nyingi kati yake hazihusu wingi wa sayari. Nyingine zinadai utumie ushawishi, nyingine teknolojia, nyingine bidhaa za biashara. Soma malengo mawili ya wazi kabla hata ya kusogeza meli ya kwanza.

Mchezo hausemi raundi moja ni miaka mingapi, na naona walifanya vizuri. Voyager 1, iliyorushwa 1977, inakwenda takriban kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo nyota ya Proxima Centauri, umbali wa miaka ya nuru 4.24, ingehitaji zaidi ya miaka 70,000. Hata kwa sehemu ya kumi ya kasi ya nuru, kuivuka galaksi yetu yenye upana wa takriban miaka ya nuru 100,000 ni miaka milioni moja bila kusimama popote. Wazo la kete za amri linabaki kweli pamoja na namba hizo: kila koloni linataka maagizo, watu na gharama kabla halijaanza kulipa, na mkondo wa kuenea unapungua hapohapo unapofikia jirani mwenye nguvu.

Sasa kwa anayeishi Dar. Bei ya nje ni kama dola 150 au zaidi kabla ya usafiri, na sanduku ni zito, kwa hiyo mizigo ya ndege inayotozwa kwa kilo itakuumiza. Ya meli inachelewa lakini ni nafuu. Maandishi yote ni ya Kiingereza. Andaa ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye hatua tano za kila mwendo (weka kete, sogeza, pigana angani, tua, jenga), uchapishe nakala sita na uzipige lamineshini steshenari. Ukurasa huo unaokoa karibu saa nzima.

Unyevu wa pwani unakunja kadi na kuvimbisha vigae. Valisha kadi mifuko yake, ziko za saizi mbili, na sanduku likae juu ya kabati, kamwe si sakafuni, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Feni ya darini inapeperusha kadi ndogo za sayari. Iweke kasi ya chini au chezeni barazani upande usio na upepo. Sambusa na viazi karai viliwe mbali na meza, maana mafuta yakiingia kwenye kadi ya siri, siri imekwisha: kila mtu ataitambua kwa doa. Meza ya chakula ya watu sita inatosha ramani tu, mbao za wachezaji zinataka meza ya pembeni. Meli za kila rangi zitenganishe kwenye vyombo vya plastiki vya mfuniko, la sivyo kupanga peke yake kunakula saa moja.

Anayetoka Tegeta na anayetoka Mbagala wakubaliane saa tatu asubuhi, si saa tano. Mkianza saa tano mtafika raundi ya nne giza limeingia, na watu wanaangalia saa badala ya ramani. Ukipata wachezaji wanne tu, cheza: saa 5 hivi zinatosha. Wakiwa watatu ramani inakuwa na nafasi nyingi mno na binadamu wanaenea bila kukutana na mtu, ladha inapungua.

Nyongeza ya Prophecy of Kings ya 2020 inaongeza mataifa 7, inafikisha wachezaji 8, na inatia kadi za upelelezi kwa kila sayari mpya, hivyo kuenea kunalipa mapema zaidi. Ni nzuri sana, ila iagize baada ya michezo mitatu ya sanduku la msingi. Kwa mchezo wa kwanza mpe Sol yule mgeni kabisa mezani, na umkalishe mbali na aliyeshika Saar.