Mchezo wa mkakati kuhusu kambi ya wakimbizi: mchezaji awe msimamizi wa kambi au familia moja?
Mchezaji akiwa msimamizi, hesabu zipo tayari. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya chini kabisa vya misaada ya kibinadamu, vinataka angalau lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, bomba moja kwa watu 250, choo kimoja kwa watu 20. Wakiingia wapya 500 usiku, anadaiwa mabomba 2 na vyoo 25, na fedha hazitoshi. Huo ndio mkakati hasa. Tatizo, watu hugeuka tarakimu upesi mno.

Akiwa familia moja, maamuzi hupungua. Lakini mama aliyeshika dumu tupu, foleni haisogei, akiwaza amwachie nani mtoto mwenye homa, hasahauliki.

Mimi ningechagua msimamizi, ila kila bomba analoahirisha limwonyeshe yule mama.